Tuta, na Si Lile la Barabarani

Shangazi yangu hapa Roret anamwita Tuta, basi. Kitabuni jina limehangaika. Mwaka 1917 Edward Meyrick, mwalimu wa shule huko Uingereza, alieleza nondo mdogo wa kijivu kutoka Peru, akamwita Phthorimaea absoluta. Jamaa alitaja spishi zaidi ya 14,000 na aliamini mabawa tu. Kupasua wadudu hakutaka.

Sasa, mabawa hapa hayasaidii. Nondo wa viazi, Phthorimaea operculella, ana kijivu kilekile na madoa yaleyale, na viwavi wake hula majani ya nyanya pia. Kuwatenganisha kwa uhakika, unapasua tumbo na kuangalia sehemu za uzazi kwa hadubini. Waliopasua ndio wakamhamishia ukoo wa Tuta mwaka 1994. Mwaka 2021 wengine wakamrudisha Phthorimaea, kulekule kwa Meyrick! Wakati huo mdudu alishaingia Uhispania (2006) na Kenya (2014).

Shangazi hana hadubini, na pesa ya dawa inatoka kwa bonasi ya chai. Anapasua nyanya yenyewe. Akikuta kiwavi kadogo ndani, kwa kawaida ni Tuta. Yule mwingine hupenda kiazi.