Nyota Iliyofichwa na Mwezi

Tukisikia ngoma usiku toka ng'ambo ya bonde, twajua upande inakolia, lakini hatujui ni kijiji gani. Hivyo ndivyo walivyokuwa wataalamu wa nyota baada ya vita ya 1939-1945. Vyombo vyao vilipokea mawimbi ya radio kutoka mbinguni, ila havikuonyesha barabara yanapotoka. Mwaka 1959 wataalamu wa Cambridge, Uingereza, walitoa orodha yao ya tatu ya mahali hapo. Aliyeelekeza darubini upande ulioandikwa aliona nyota nyingi, asijue ipi ndiyo.

Lakini namba 273 ya orodha hiyo iko katika njia ya mwezi, na njia hiyo yajulikana kwa kila dakika. Basi mawimbi yakikatika, kitu hicho kimefika ukingoni mwa mwezi. Yakirudi, kimetokea ukingo mwingine. Tarehe 5 Agosti 1962 kazi hiyo ilifanyika Parkes, Australia, kwa mpango wa Cyril Hazard, na chombo chenye upana wa mita 64. Mawimbi yalikatika, yakarudi, na mahali pakajulikana.

Palikuwa na nini? Nyota tu, kwa macho ya watu! Ilikuwa imepigwa picha mara nyingi tangu karne ya 19, wala hakuna aliyeijali.

Maarten Schmidt, Mholanzi aliyefanya kazi Palomar, Marekani, aliitenga nuru yake rangi kwa rangi. Mistari aliyoiona ilimshangaza. Februari 1963 akaitambua: ni ya hidrojeni, gesi ijulikanayo sana, ila imesogea upande wa rangi nyekundu kwa sehemu 16 katika 100. Padri Georges Lemaître wa Louvain alikwisha kueleza mwaka 1927 kwamba ulimwengu unapanuka, na nuru ya vitu vya mbali husogea hivyo. Kumbe si nyota jirani! Nuru yake imesafiri miaka milioni 2,000 na zaidi. Vitu vya namna hii viliitwa kwasari; leo twajua kwamba ni viini vya galaksi, ambamo gesi inaangukia shimo jeusi zito mno.

Sikio peke yake halikutosha, wala jicho peke yake. Na sisi tusiseme upesi kwamba jambo tulilolizoea twalijua. Kazi za Muumba zaweza kukaa mbele ya macho yetu miaka mingi, zikitungoja tuulize.