Barabara ya Gwembe: watu waliohamishwa na maji ya Kariba

Mara nyingi mnatuuliza: watu waliohamishwa kwa nguvu wanakuwaje baada ya miaka sitini? Leo tuache kidogo habari za hapa, tushuke kusini mpaka Zambia, kwenye mto Zambezi. Kuna watu huko wanaoweza kujibu swali hilo.

Safari yenyewe wafanyabiashara wetu wa Lubumbashi wanaijua. Unavuka Kasumbalesa, unapita Kitwe, Ndola na Lusaka. Ukishapita mji wa Kafue, barabara kubwa inateremka milimani kuelekea Chirundu, mpaka wa Zimbabwe. Makamyo yaliyobeba shaba ya Katanga yanashuka polepole, breki zinanuka. Chini kabisa joto linakupokea. Mibuyu inaanza, na mbuzi wanalala kando ya lami. Hilo ndilo bonde la Gwembe, nchi ya Watonga. Chifu wao wanamwita mwami, kama kwetu Kivu.

Zamani walikaa ukingoni kabisa mwa Zambezi. Mto ulifurika kila mwaka, ukashuka na kuacha udongo mweusi, wakapanda humo. Mashamba ya juu yalingoja mvua, yale ya ukingoni yalingoja mto. Mwaka wa mvua mbaya, mto uliwaokoa. Ng'ambo pia walikaa Watonga, ndugu zao. Walivuka kwa mtumbwi kwenda kuoa, kwenda matanga, kwenda kunywa pombe ya mtama, bila mtu kuuita mto ule mpaka.

Mwaka 1953 Waingereza waliunganisha Rhodesia mbili na Nyasaland kuwa Shirikisho moja. Migodi ya shaba na viwanda vilitaka umeme. Wakubwa walibishana: bwawa lijengwe kwenye mto Kafue, au kwenye korongo la Kariba? Kariba ikashinda. Benki ya Dunia ikakopesha dola milioni 80 mwaka 1956, Waitaliano wakajenga, na ukuta ukasimama mita 128. Wafanyakazi 86 walikufa katika kazi hiyo. Mafuriko makubwa ya 1957 na 1958 yaliharibu sehemu ya kazi, na Watonga wakasema ni Nyaminyami, roho wa mto, amekasirika. Leo sanamu za Nyaminyami zinauzwa kwa watalii. Wale waliomtegemea awatetee walikwisha kuhamishwa.

Watu wapatao 57,000 walitolewa, pande zote mbili za mto. Tazameni jinsi ilivyoamuliwa. Kwanza walipimiwa ziwa la kimo fulani, wakaonyeshwa sehemu za kuhamia. Baadaye serikali ikaongeza kimo cha ukuta. Maji yakawa yatafunika nchi kubwa zaidi, na ardhi waliyopangiwa watu wa Mwami Chipepo haikutosha tena. Ikaamuliwa kwamba watu wapatao 6,000 wapelekwe Lusitu, zaidi ya kilomita 150 kutoka kwao, chini ya ukuta, katika nchi ya watu wengine, Wagoba.

Wakakataa. Gavana, Arthur Benson, alikuja mwenyewe Septemba 1958 kuzungumza nao, na hawakuelewana. Tarehe 10 Septemba, katika kijiji cha Chisomo, wanaume wenye mikuki walikabiliana na polisi wenye bunduki. Polisi walipiga risasi. Wanane walikufa, wengine zaidi ya thelathini walijeruhiwa. Baada ya hapo watu walipakiwa kwenye malori pamoja na kuku wao na vyungu vyao. Desemba hiyohiyo mto ulifungwa, na maji yakaanza kupanda juu ya makaburi.

Jambo moja linaniumiza kila ninapolifikiria. Maji yalipopanda, wanyama walikwama kwenye visiwa, na Rupert Fothergill na wenzake wakawaokoa kwa mashua, zaidi ya 6,000. Kazi hiyo iliitwa Operation Noah, na magazeti ya Ulaya yaliiandika sana. Silaumu waliookoa swala. Lakini ukiuliza habari za Kariba nje ya Afrika, wengi watakueleza hadithi ya swala, siyo ya Chisomo.

Ukifika Lusitu leo utaona ardhi nyekundu iliyokatwa na makorongo. Watu walikuwa wengi mno kwa eneo dogo, miti ikaisha, udongo ukachukuliwa na mvua. Mwaka wa kwanza ulikuwa mbaya kuliko yote. Kuhara damu kuliua watoto wengi, na mwaka 1959 ugonjwa wa ghafla uliua wanawake na watoto. Wengine walidhani ni sumu: akina mama walikuwa wakitafuta mboga za porini katika nchi wasiyoijua, hawakujua jani lipi linaliwa na lipi linaua. Akina mama mliokimbia mnaosikiliza mtaelewa bila mimi kueleza. Wagoba nao, waliopokea wageni bila kuulizwa, waliona mashamba yao yanapungua. Ugomvi wa ardhi haukuchelewa.

Kutoka Lusitu njia inakwenda kusini-magharibi, kuelekea Chipepo na Sinazongwe. Wenyeji wanaiita Bottom Road, yaani barabara ya chini. Kwa miaka mingi ilikuwa vumbi na mawe, na wakati wa mvua vijito viliikata vipandevipande. Juu ya milima nyaya za umeme zilikwenda migodini, na chini yake vijiji vingi viliendelea kuwasha kibatari. Ukame wa 2024 ulipopunguza maji ya Kariba, miji mikubwa ya Zambia ilikaa gizani saa nyingi kila siku na kulalamika sana. Vijiji hivyo vilikuwa vimezoea giza tangu ziwa lilipojaa.

Sinazongwe, ufukweni, unakuta samaki wadogo wameanikwa juani, wanang'aa. Wanaitwa kapenta. Ukiwaonja unajua mara moja: ni sambaza! Samaki huyu alitolewa ziwa Tanganyika na kuletwa Kariba mwaka 1967 na 1968, kama alivyoletwa Kivu miaka michache kabla. Usiku mitumbwi na majukwaa yenye taa yanatapakaa ziwani kama mji, kama kwetu. Uvuvi umelisha wengi, ingawa majukwaa makubwa ni ya wenye mitaji, na mwanakijiji mara nyingi huwa kibarua tu.

Ng'ambo, upande wa Binga, wako Watonga wa Zimbabwe, ndugu walewale. Sasa kati yao kuna maji mengi na mpaka wa nchi mbili, wenye pasipoti na polisi. Shamba la babu haliwezi kurudiwa, liko chini ya maji. Hapo wanatofautiana na wengi wetu: shamba lako la Masisi au Rutshuru bado liko juani, hata kama leo mtu mwingine analilima.

Kuna wataalamu wawili, Elizabeth Colson na Thayer Scudder, waliofika Gwembe mwaka 1956, kabla ya malori. Walihesabu nyumba kwa nyumba: nani anakaa wapi, nani analima ukingo upi, shamba ni la ukoo gani. Baadaye walirudi tena na tena kwa miaka mingi kuwaangalia watu walewale. Kwa sababu ya madaftari yale, hakuna ofisi iliyoweza kusema kwamba ukingoni hapakuwa na watu.

Na Watonga wenyewe walibeba majina. Mazulu na Musulumba vilikuwa vijiji vya mtoni, sasa viko chini ya ziwa. Ukifika Lusitu leo, ukauliza njia ya Mazulu, mtoto atakuonyesha kwa kidole.