Nairobi hadi London: Kilichofupisha Safari si Mbio Peke Yake

Ukikata njia iliyonyooka angani, Nairobi na London zimeachana takriban kilomita 6,800. Leo abiria anaruka usiku, na asubuhi yuko Heathrow baada ya kama saa tisa. Umbali huo ulipoanza kusafiriwa kwa ndege, ulihesabiwa kwa siku.

Tarehe 28 Februari 1931 shirika la Uingereza la Imperial Airways lilifungua njia ya Afrika Mashariki kutoka Croydon, kusini mwa London, hadi Mwanza. Safari nzima ilichukua siku kumi. Mwanzoni abiria waliishia Khartoum, na barua tu ndizo zilizofika Ziwa Viktoria. Mwaka uliofuata njia ikasogezwa hadi Cape Town, na Nairobi ikawa kituo.

Kilichokula siku hizo ni vituo. Katika miaka hiyo Italia iliwabana Waingereza kupita katika anga yake, hivyo kwa muda mrefu abiria walipanda treni kutoka Paris hadi Brindisi, kisha ndege ya kutua majini kuvuka Mediterania, kisha treni nyingine kutoka Alexandria hadi Cairo. Kutoka Khartoum ndege iliandama mto Nile: Kosti, Malakal, Juba, Butiaba, Port Bell, mpaka Kisumu. Ilikwenda chini ya kilomita 200 kwa saa, ikitua mara kwa mara kujaza mafuta. Giza likiingia, safari ilisimama. Abiria walilala hotelini, wakaamshwa alfajiri kuendelea.

Hata baada ya Vita Kuu ya Pili, ndege za mapangaboi zilihitaji kupumzika njiani. Februari 1952, Malkia Elizabeth alipopata habari za kifo cha baba yake akiwa Kenya, alipelekwa Entebbe kwanza. Mvua ya radi ikamchelewesha hapo, na ndege yake ikatua El Adem, Libya, kuongeza mafuta. Alifika London kesho yake alasiri, na huyo ndiye abiria aliyeharakishwa kuliko wote.

Mwaka 1960 East African Airways, shirika la pamoja la nchi zetu za Afrika Mashariki, lilileta Comet, ndege ya jeti iliyopita kilomita 800 kwa saa. Hapa ndipo wengi hukosea, wakidhani mbio ndiyo iliyofupisha safari. Boeing 787 ya leo huenda kama kilomita 900 kwa saa. Kwa umbali huu, tofauti hiyo ni kama saa moja tu. Comet haikuwa na mafuta ya kufika London bila kutua, nayo 787 inayo. Kwa zaidi ya miaka 60 mwendo wenyewe umeongezeka kidogo sana. Faida kubwa imetokana na kufutwa kwa vituo.

Ndiyo maana naamini historia ya safari hii ni ya mafuta na ruhusa za kupita kuliko ya mbio. Aprili 2023 vita vilipozuka Sudan, anga ya nchi hiyo ilifungwa, na ndege za kati ya Afrika Mashariki na Ulaya zikalazimika kuizunguka. Nchi ileile iliyopitisha barua za kwanza mwaka 1931 ikawa kizuizi, na safari zikarefuka, ingawa ndege ni za kisasa kuliko zote zilizowahi kupita huko.