Hizo Mbao Msichome

Kuna chasisi ya Chevrolet imekaa kwa gereji moja upande wa Kipkaren hapa Eldoret, na kando yake kuna rundo la mbao kuukuu. Mwenye gari ameamua kulifufua kuanzia mifupa. Kila kitu kitolewe, chuma kikwaruzwe kutu mpaka king'ae, halafu bodi mpya ya bati iagizwe kutoka Marekani, ile ya kwenye katalogi, yenye paa na milango minne. Mbao zitaenda kwake nyumbani zikawe kuni. Nilipouliza kwa nini, nikaambiwa si za gari, ziliongezwa tu na watu wa huku. Yeye anataka gari orijino.

Hapo ndipo tunakosana. Wasee wengi wanaamini gari la Marekani lilizaliwa kiwandani likiwa kamili, halafu likafika Afrika likaharibiwa na mafundi. Kenya mambo hayakwenda hivyo. Kwa miaka ya 1920 na 1930, gari kama hili mara nyingi lilifika likiwa nusu: chasisi, injini, boneti, usukani na kioo cha mbele. Nusu iliyobaki ilijengwa hapa. Kwa hivyo mtu akichoma zile mbao anachoma nusu ya gari, na ni ile nusu yetu.

Turudi 1908. Mwezi wa nane mwaka huo, Makaburu wakiongozwa na Jansen van Rensburg walitoka Nakuru na magari ya kukokotwa na maksai, wakapanda msitu na matope ya Timboroa, wakafika Uasin Gishu mwezi wa kumi. Vitabu vya walowezi hupenda kusema walikuta nchi tupu. Koitalel arap Samoei, orkoiyot wa Wanandi, alikuwa ameuawa miaka 3 tu kabla, tarehe 19 Oktoba 1905, na watu wake wakasukumwa kwenye rizavu. "Utupu" huo ulitengenezwa kwa bunduki. Sasa sikia hii: wakati maksai wale wanateleza kwenye matope, huko Detroit Henry Ford alikuwa anatoa Model T ya kwanza. Mwaka uleule, na karibu miezi ileile.

Mji huu ulianza kama ploti namba 64, ndiyo maana wazee wetu bado wanauita Sisibo. Jina la Eldoret lilikuja 1912, na reli ikafika 1924. Kabla ya reli, kila gunia na kila msumari ulitoka stesheni ya Londiani kwa maksai, na njia hiyo ilikuwa na sifa mbaya. Mvua ikinyesha, gari la ng'ombe linazama mpaka ekseli. Sasa leta motokaa kwa barabara kama hiyo. Motokaa ipi?

Si ya Mwingereza, ingawa ndiye aliyetawala. Uingereza walikuwa na kodi ya gari iliyohesabiwa kwa nguvu ya farasi, na kuanzia 1921 ilikuwa pauni 1 kwa kila nguvu moja. Hesabu yenyewe ilifuata upana wa silinda. Viwanda vyao vikakwepa kodi kwa kutengeneza injini nyembamba za kuzunguka mbio, kwenye magari mafupi yaliyokaa chini, mazuri kwa lami ya Surrey. Mmarekani naye alikuwa akiuzia wakulima wa Kansas ambao barabara zao zilikuwa tope kama zetu. Model T ilikuwa na injini ya lita 2.9 iliyotoa nguvu za farasi 20 tu, lakini ilivuta ikiwa pole, na gari lenyewe lilisimama juu ya mawe. Ng'ombe wa kazi, basi tu linakunywa petroli.

Lakini serikali ya kikoloni si ingeweka ushuru mkubwa kwa magari ya Marekani? Haikuweza. Mkataba wa Berlin wa 1885, ule wa kugawana Afrika, ulitangaza biashara huria katika kile walichokiita bonde la Kongo, na mipaka ya hilo bonde ikachorwa mpaka Bahari ya Hindi, Kenya ikiwa ndani. Bidhaa za Uingereza hazikuruhusiwa kupendelewa. Na Ford alikuwa ameshajipanga mapema. Kampuni yake ya Kanada, iliyoanzishwa 1904 ng'ambo ya mto kutoka Detroit, ndiyo iliyopewa haki ya kuuza katika himaya yote ya Uingereza, isipokuwa Uingereza yenyewe na Ireland. General Motors nao walikuwa na kiwanda chao Oshawa, Kanada. Ndiyo maana magari mengi ya "Marekani" unayoyakuta Kenya yana usukani upande wa kulia. Yalitengenezwa Kanada kwa ajili yetu. Kwa hivyo hata tukianza mchezo wa orijino, yule anayeagiza bodi ya usukani wa kushoto ameshapotea njia kabla hajafika bandarini.

Kwa nini sasa bodi isije na gari? Hesabu ya meli. Bodi ni hewa iliyofunikwa kwa bati, inakula nafasi melini na unailipia. Tena, saluni ya mjini ingemfaidi nini mtu wa Soy anayebeba mahindi, jembe la plau, ndama mgonjwa na familia, yote safari moja? Walowezi waliagiza chasisi tupu, ikafungwa sanduku la mbao hapahapa. Mbele kiti, nyuma sanduku refu, juu paa jepesi lililosimama kwenye nguzo, na mapazia ya turubai ya kushusha mvua ikija. Wakaliita boksibodi. Lilibeba mazao, lilibeba wawindaji kwenda mbugani, na usiku mtu aliweza kulala ndani. Ukiona picha ya safari ya Kenya ya miaka hiyo, gari utakaloliona karibu kila mara ni hilo.

Na nani alilijenga? Maseremala na wahunzi wa Kihindi, wengi wao makalasinga waliokuja na reli ama nyuma yake, pamoja na Waafrika waliofanya kazi chini yao kwa mshahara wa kukasirisha na wakajifunza kwa kutazama. Hawakuandika majina yao popote. Kiwanda kiligonga namba yake kwenye injini na kwenye chasisi. Fundi alichoacha ni kiungo cha mbao tu. Mimi nimepiga hizo mbao za Kipkaren picha moja moja. Kwarua kidogo kwa kisu, harufu ya mtarakwa inatoka, baada ya miaka karibu 90. Kuna kona zilizounganishwa kwa ulimi na tundu bila msumari hata mmoja. Halafu kuna ubao mmoja, dhahiri ni wa baadaye, umepigiliwa misumari kama mlango wa banda la kuku. Huyo alikuwa na haraka, ama alikuwa mimi.

Sitaki nipambe hii historia, maana kuna hoteli za watalii zinaegesha boksibodi langoni na kuweka juu yake kikapu cha pombe na kofia ya mzungu, basi. Aliyekaa kwenye usukani alionekana kwenye picha. Waliokwamua gari kwenye tope hawakuonekana, na walikuwa wametembea na kipande shingoni tangu 1920. Model T ilikuwa na tangi lililoshusha petroli kwa mteremko bila pampu, kwa hivyo kwenye mlima mkali mafuta yakikosa kufika mbele dereva aligeuza gari akapanda kinyumenyume. Nani unadhani alikuwa nyuma na jiwe mkononi, tayari kuweka kigingi? Yule kijana wa kuzungusha hendeli ili injini iwake ndiye aliyeacha neno ambalo bado tunalitumia kwenye kila lori la Uganda Road: tanboi. Hendeli ilikwisha zamani, kazi ya mgongo ikabaki, na jina nalo.

Sasa tuje kwa hoja ya fundi wa pale gereji, ambaye namheshimu na ananizidi kwa umri na kwa ujuzi. Yeye ananiambia, "Kijana, mbao si gari. Gari ni chuma." Mzee wangu, hebu tufungue mlango wa Chevrolet ya kiwandani ya 1930. Chini ya bati kuna nini? Fremu ya mbao. General Motors walijenga bodi hivyo mpaka katikati ya miaka ya 1930, bati limepigiliwa juu ya mbao. Model T za mwanzo pia, na spoki za magurudumu zilikuwa za mti. Ford alikuwa na misitu na kiwanda cha mbao kule Iron Mountain, Michigan, na mabaki yake yalikuwa mengi hivi kwamba akayageuza makaa ya kuuza. Detroit ilikuwa mji wa maseremala kama gereji yoyote ya Sisibo. Tofauti ni kwamba mabaki ndiyo waliyageuza makaa, si bodi.

Kufufua boksibodi kuanzia chasisi ni kazi ngumu kuliko kupokea kontena. Kwanza unanyoosha mifupa. Unafunga kamba kutoka kona ya mbele kulia hadi ya nyuma kushoto, halafu kinyume chake, na vipimo viwili visipolingana chasisi imepinda. Viungo vyake vilifungwa kwa riveti za moto, ili chuma kiweze kujinyonga kidogo kwenye mashimo. Ukichomelea kila kiungo kwa sababu welding iko karibu na riveti ni shida, unakifanya kigumu, na baada ya muda kitapasuka pembeni mwa mchomeleo. Hilo nilikuwa silijui, huyo mzee ndiye alinifunza.

Halafu kuna matundu. Mashimo ya kiwandani yako safi na yanalingana pande zote mbili. Kwenye hii chasisi kuna mengine 8 ambayo hayafanani: yalitobolewa kwa mkono, moja limehepa kidogo, na karibu nalo kuna alama pale keekee ilianza ikateleza. Hapo ndipo mihimili ya sanduku ilifungwa. Ukiwa na matundu 8 na mbao hata nusu, una ramani ya bodi nzima: urefu, upana, mahali kiti kilikaa. Seremala mzuri, na mji huu unao kibao, anaweza kujenga upya zilizooza na kurudisha zile zilizo nzima. Mpango wa sasa wa gereji ni kuyaziba hayo matundu na kuyapaka rangi.

Boksibodi haikushindwa na ubovu wake. Baada ya vita vya pili vya dunia Uingereza haikuwa na dola, na koloni zake zikabanwa zisinunue vitu vya Marekani ovyo. Mwaka 1948 ikaja Land Rover, inayovuta magurudumu yote 4, na mchezo ukaisha. Chasisi nyingi zikageuzwa trela za trekta, nyingine zikakaa kwenye mashamba zikingojea. Siku hizi kinachokuja ni mzani wa skrapu. Serikali ilipopiga marufuku biashara hiyo Januari 2022 kwa sababu ya wizi wa vyuma vya stima, mabaki ya kwenye mashamba yalipumua kwa miezi michache. Mwezi wa tano ikafunguliwa tena.

Na usiniambie ujenzi wa namna hii ulikufa na walowezi. Ile matatu ya viti 33 uliyopanda leo kwenda Kitale ilitoka kiwandani Nairobi ikiwa chasisi na injini. Mpaka 2017 kiwanda hicho kilikuwa General Motors East Africa, halafu Isuzu wakanunua hisa zao. Bodi, viti, madirisha na zile taa za kupofusha macho ni za mafundi wa Kenya. Hakuna mtu hata mmoja anasema matatu hiyo si orijino kwa sababu bodi haikutoka Japani.

Mwenye gari amekubali kungoja mpaka mwisho wa mwezi kabla ya kuchoma chochote. Kwa hivyo naomba kitu. Kama kwenu Moiben, Ziwa, Turbo ama Soy kuna picha ya zamani ya shamba na nyuma yake kuna gari la mbao, nitumie, hata kama imefifia na hata kama nyanya yako ndiye anaonekana vizuri kuliko gari. Kama kuna chasisi imelala kwa boma, geuza simu upige picha ya upande wa juu wa vyuma viwili virefu, mahali matundu yalipo, na uweke rula ama kiberiti kando yake ili tujue ukubwa. Fanya hivyo kabla ya kumpigia mtu wa skrapu.