Bergen na Daftari la Madeni

Mwaka 1186 Mfalme Sverre wa Norwe aliwakusanya watu wa mji wa Bergen akawahutubia juu ya ulevi, kwa kuwa damu ilikuwa imemwagika mjini baina ya wenyeji na wageni, na asili ya ugomvi ilikuwa mvinyo uliouzwa kwa wingi na kwa bei nyepesi. Katika hotuba hiyo, kama ilivyohifadhiwa katika taarikhi ya maisha yake, aliwashukuru Waingereza waliokuja na ngano, asali, unga na nguo, akawashukuru pia watu wa visiwa vya Orkney, Shetland, Faroe na Iceland kwa kuleta vitu ambavyo nchi haiwezi kukaa bila ya kuwa navyo. Walakini Wajerumani aliwalaumu kwa ukali, kwani wao walikuja na marikebu nyingi, wakapakia siagi na samaki wakavu, vitu ambavyo kuondoka kwake kuliidhoofisha nchi, na badala yake wakaacha pombe. Sverre aliyaona mambo kwa jicho la mtawala, akapima hasara na faida ya kila chombo kilichotia nanga bandarini mwake. Lakini hata yeye hakuweza kutambua kwamba hautapita muda wa karne mbili ila hao aliowalaumu watakuwa wameshika funguo za ghala zote, na kwamba watazishika si kwa upanga, bali kwa kalamu na daftari.

Ili mtu afahamu jambo hilo lilivyowezekana, hana budi kwanza kuutazama mji wenyewe ulivyokaa. Bergen iko katika pwani ya magharibi ya Norwe, kiasi cha digrii 60 kaskazini ya Ikweta, mahali ambapo kwa haki ya latitudo yake bahari ingepasa kuganda wakati wa baridi. Lakini mkondo wa maji ya vuguvugu uvukao Atlantiki hupita karibu na pwani hiyo, na kwa sababu hiyo bandari yake, iitwayo Vågen, hubaki wazi mwaka mzima. Mji umezungukwa na milima ambayo wenyeji hupenda kuihesabu kuwa saba, ingawa hawajapatana bado ni saba ipi, na mrefu kuliko yote, Ulriken, una mita 643. Mawingu yatokayo baharini hugonga milima hiyo na kuiachia mzigo wake, hata mvua ya mwaka mmoja hupita milimita 2,200. Kusini yake kuna Hardangerfjord, na kaskazini kuna Sognefjord, mkono wa bahari uingiao bara kwa zaidi ya kilomita 200, ambao kina chake kinapita mita 1,300. Kwa ufupi, hapo pana maji ya kila namna, ya juu na ya chini. Kitu kisichopatikana ni ardhi ya kulima. Mapokeo yanasema kuwa Mfalme Olav Kyrre aliuasisi mji mnamo mwaka 1070, na katika karne ya kumi na tatu ukawa makao ya wafalme. Ukumbi wa mawe wa Mfalme Håkon Håkonsson, uliotumiwa mwaka 1261 katika arusi ya mwanawe Magnus, ungali umesimama penye mlango wa bandari. Lakini mfalme na mvuvi walikuwa sawa katika jambo hili moja, kwamba mkate wao ulitoka ng'ambo.

Kilichonunua mkate huo kilitoka mbali zaidi, katika visiwa vya Lofoten, kaskazini kabisa. Huko kila mwaka, tangu Januari hata Aprili, samaki mkubwa wa maji baridi aitwaye torsk huja kwa makundi yasiyo idadi kutoka bahari ya Barents ili kutaga mayai. Wavuvi humkata kichwa, humtoa matumbo, humfunga wawili wawili mkiani na kumtundika juu ya vichanja vya miti, pasipo chumvi hata chembe, akapigwa na upepo mkavu wa baridi na jua hafifu la mwisho wa kipupwe mpaka akawa mgumu kama kuni. Kazi hiyo haiwezekani penye joto, kwani nzi na uozo vitamwahi, wala haiwezekani penye baridi iliyozidi, kwani barafu itaipasua nyama yake. Lofoten imejaliwa kuwa baina ya mawili hayo. Ng'onda ya namna hiyo, ikiwekwa pakavu, hukaa miaka bila ya kuharibika. Na Ulaya ya zama hizo ilikuwa na haja kubwa nayo, kwa kuwa kanisa liliwakataza watu nyama siku za Ijumaa na muda wote wa Kwaresima, na miji ya bara, iliyo mbali na pwani, haikuwa na njia nyingine ya kupata samaki asiyenuka.

Basi kaskazini palikuwa na watu wenye samaki wasio na nafaka, na kusini palikuwa na miji ya Wajerumani, Lübeck ikiwa mkuu wao, iliyokuwa na nafaka ya mashamba ya pwani ya Baltiki na iliyotaka samaki. Bergen ilikaa katikati, na wafalme walifanya bidii ibaki katikati: mwaka 1294 ilitolewa amri ya kuwazuia wafanyabiashara wa kigeni wasipeleke vyombo vyao kaskazini ya mji huo, ili kila samaki apite mikononi mwa Bergen kwanza. Miaka kumi kabla ya hapo, lakini, nchi ilikuwa imekwisha kuonjeshwa udhaifu wake. Mwaka 1284, Wanorwe walipoishambulia meli ya Wajerumani, miji ile ilishikamana ikakataza nafaka isipelekwe Norwe, wala haikuchukua muda mrefu serikali ya Mfalme Eirik ikalazimika kuomba suluhu. Kwa nionavyo, tangu siku hiyo amri za wafalme juu ya wageni hao zilikuwa ni maombi yaliyoandikwa kwa sauti ya amri.

Mnamo mwaka 1360 wafanyabiashara wa shirika la miji hiyo, liitwalo Hansa, walipanga mambo yao katika Bergen kwa utaratibu wa kudumu, wakafanya makao yenye wazee wake, sheria zake na mahakama yake, mojawapo ya makao manne makuu waliyokuwa nayo katika nchi za kigeni, mengine yakiwa katika London, Bruges na Novgorod. Walijinunulia nyumba za mbao zilizojipanga upande wa mashariki wa bandari, mahali paitwapo Bryggen. Hapo ndipo palipowekwa daftari. Mvuvi wa kaskazini, au nahodha aliyemwakilisha, alipofika kiangazi na mzigo wake, mwenye ghala aliupima, akauandika, kisha akampa unga, kitani, kamba na ndoana vya kumtosha mwaka mzima. Na kwa kuwa thamani ya samaki aghalabu haikulingana na thamani ya vitu alivyochukua, baki iliandikwa kuwa deni. Aliyekuwa na deni hakuruhusiwa kumpelekea mwingine samaki wake, wala mwenye ghala mwingine hakuruhusiwa kumpokea. Na alipofariki, deni lilimwangukia mwanawe pamoja na mashua. Msomaji wa pwani yetu, aliyesikia habari za wenye mali wa Unguja waliowakopesha wakuu wa misafara nguo na shanga, wakangojea pembe kwa miaka, hatauona utaratibu huu kuwa mgeni.

Ingekuwa rahisi kuliita jambo hili dhuluma na kuliacha hapo, na wako waandishi wa Kinorwe waliofanya hivyo. Lakini yapasa tukumbuke kwamba mwaka ambao samaki hawakuja, au dhoruba ilipovunja vyombo, mwenye ghala alitoa unga vilevile, kwani mdeni aliyekufa kwa njaa hana faida. Na mvuvi alijua kwamba maadamu jina lake limo daftarini, watoto wake watakula. Deni lilikuwa pingu, na pia lilikuwa bima.

Hao wenye kuandika, nao, hawakuishi maisha ya raha. Waliletwa kutoka Ujerumani wangali vijana, wakakatazwa kuoa, wakakaa katika vyumba vidogo vya mbao visivyoruhusiwa moto wala taa kwa hofu ya kuungua, katika nchi ambayo usiku wake wa Desemba ni saa kumi na nane. Kupika, kula na kuota moto kulifanywa katika nyumba za pamoja zilizojengwa nyuma. Kijana mgeni aliingizwa jamaani kwa michezo ya kikatili, mmojawapo ukiwa kuvutwa kwa kamba hata katika tundu la moshi huku chini yake kukichomwa vitu vya kunuka, na yeye akiulizwa maswali asiyoweza kuyajibu kwa kikohozi. Watu elfu na zaidi, wote wanaume, wenye silaha na wasiotii sheria ya mji: si ajabu kwamba mwaka 1455 walimwua Olav Nilsson, liwali wa mfalme, pamoja na askofu, wakakitia moto kituo cha watawa, Munkeliv, alimokimbilia. Zaidi ya karne moja ilipita kabla ya kutokea mtu wa kuwazuia, naye ni Christoffer Valkendorf, ambaye mwaka 1559 aliwalazimisha mafundi wa Kijerumani waape utii kwa mfalme au wahame.

Nyumba hizo za Bryggen zimeungua mara nyingi. Moto wa mwaka 1702 uliteketeza sehemu kubwa kabisa ya mji, na zilipojengwa tena zilijengwa kwa ramani ileile ya kale, kwa sababu kazi iliyofanywa ndani yake ilikuwa haijabadilika. Mwaka 1955 baadhi yake ziliungua tena, na wataalamu wakiongozwa na Asbjørn Herteig wakapata nafasi ya kuchimba chini ya majivu. Walitoa vijiti na vitu vingine zaidi ya mia sita vilivyochongwa maandishi ya zamani yaitwayo rune. Vingi ni alama za mzigo zenye jina la mwenyewe. Kimoja ni ujumbe wa mwanamke kumwambia mtu arudi nyumbani. Kilichonivutia zaidi ni barua ya mfanyabiashara aitwaye Tore kwa mshirika wake Havgrim, akimweleza kuwa hana pombe wala samaki, na kumsihi asimdai. Hivyo basi Wajerumani hawakuleta deni Bergen. Walilikuta, wakalipatia daftari bora.

Wala kuondoka kwao hakukulifuta. Kidogo kidogo wenyeji wa Bergen walizinunua zile nyumba, mwaka 1754 makao ya Hansa yakafungwa, na mahali pake pakafanywa makao ya Wanorwe wenyewe, walioendelea kupima, kuandika na kukopesha kama walivyofanya waliowatangulia, mpaka mwaka 1899. Mji ulitajirika kwa samaki hao ukabaki kuwa mkubwa kuliko yote ya Norwe hata mnamo miaka ya 1830, ulipopitwa na Kristiania, ambayo leo ni Oslo. Lakini meli za moshi zilikuwa zimeanza kupita kaskazini, simu za waya zikawapa wavuvi habari za bei, na wanunuzi wakawafuata samaki kulekule walikovuliwa. Mwaka 1938 sheria mpya iliwapa wavuvi haki ya kuuza samaki wao kwa jumla kupitia chama chao wenyewe na kupanga bei ya chini ambayo hakuna mnunuzi awezaye kuishusha. Na makao ya chama hicho, Norges Råfisklag, yaliwekwa Tromsø, safari ya siku kadhaa kaskazini ya Bergen.