Kaisari Kusini mwa Ruvuma: Hukumu za Wasiosomea Historia juu ya Watawala, kwa Kutazama Ukanda wa Pundanhar

Mtawala wa Kirumi aliyekaa zaidi katika fasihi ya Kiswahili si Augusto wala Nero, bali ni Herekali. Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate mwaka 1728 na Mwengo bin Athumani, unamsimulia akipambana na jeshi la Waislamu. Herekali wa kihistoria alitawala kutoka Konstantinopoli kati ya mwaka 610 na 641, na vita vilivyomnyang'anya Shamu, vile vya Yarmuki, vilipiganwa mwaka 636, miaka minne baada ya kufariki Mtume. Mtaalamu atakayeishia kusahihisha tarehe atakuwa amepitwa na jambo lenyewe. Mtunzi wa utendi hakuwa akiandika taarikhi; alikuwa akimhukumu mfalme. Hukumu za namna hii, zitolewazo na washairi, wazee, walimu wa vyuoni na wapenzi wa historia wasio na shahada, ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya ujuzi wa jamii kuhusu watawala waliopita. Swali ni jinsi ya kuzisoma.

Pundanhar ni mahali pazuri pa kuliulizia swali hilo. Ni makao ya mojawapo ya tarafa za wilaya ya Palma, barani, kwenye njia itokayo Palma kwenda Nangade na Mueda, si mbali na mto Ruvuma. Katika wilaya hiyo husemwa Kimakwe, Kimakonde, Kimwani na Kiswahili. Ndani ya muda usiotimiza maisha ya mtu mmoja, wakazi wake walidaiwa kuwa raia wa watawala watatu. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kwamba pwani ya Sultani Barghash wa Unguja ianzie mto Minengani, katika ghuba ya Tungi, ambako ndiko Palma. Ureno haikuafiki, na Februari 1887 ikaitwaa Tungi kwa mizinga. Mwaka 1894 Wajerumani wakaichukua Kionga, kusini mwa mdomo wa Ruvuma, eneo la yapata kilomita za mraba 400, ingawa mkataba wao na Wareno wa Desemba 1886 ulikuwa umeutaja mto huo kuwa mpaka. Kionga ikabaki mikononi mwao hadi Aprili 1916, Wareno walipoirudisha.

Hivyo Kaisari alifika Ruvuma kweli. Cheo cha mfalme wa Ujerumani, Kaiser, kimetokana na jina lile lile la ukoo wa Juliasi, na Kiswahili kiliwapokea wote wawili kwa neno moja. Julius Nyerere alipoirudia tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare, iliyotoka kwanza mwaka 1963, toleo la 1969 liliitwa Juliasi Kaizari. Mfasiri hakuwa mtaalamu wa Roma. Alikuwa rais aliyevutiwa na swali la nani ana haki ya kumwondoa mtawala. Nchi yake ilikuwa na zaidi ya jirani mmoja wa kumkumbusha swali hilo.

Miongoni mwa maoni yasikikayo sana Tanzania bara ni kwamba Mjerumani alikuwa mkali lakini alijenga vya kudumu: maboma, reli, madaraja. Maoni hayo yana ndugu yao Roma, kwa kuwa Augusto naye amesifiwa karne nyingi kwa kuukuta mji wa matofali na kuuacha wa marumaru. Kipimo ni kimoja, yaani mawe. Ni kipimo dhaifu, kwa sababu hakiulizi ni nani aliyeyabeba. Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907 viliua watu wanaokadiriwa kuwa kati ya 75,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa iliyofuata uteketezaji wa mazao, na boma lolote halionyeshi hesabu hiyo. Hata hivyo, si haki kuyadharau maoni haya. Mara nyingi msemaji hamsifu Mjerumani. Anawasuta waliomfuata, kwamba hawakujenga. Ni hoja kuhusu leo iliyovishwa nguo za jana.

Wala wasomi hawana usalama zaidi. Habari nyingi mbaya za Nero zimetoka kwa Tacitus, aliyekuwa mjumbe wa seneti, na Suetonius, aliyefanya kazi katika ofisi za Kaisari Hadriani. Wagiriki, ambao Nero aliwaondolea kodi, walikuwa na kumbukumbu nyingine, na baada ya kifo chake walitokea mashariki watu kadhaa waliojidai kuwa yeye na wakapata wafuasi. Maoni ya watu wa mikoani yangeandikwa, huenda taswira ya Nero ingekuwa na mikunjo zaidi.

Upande wa Msumbiji kipimo cha mawe hakina hata pa kushika. Kuanzia miaka ya 1890 hadi 1929 Cabo Delgado ilitawaliwa na Kampuni ya Nyasa, iliyoishi kwa kodi ya kibanda na kazi ya kulazimishwa, na wengi waliikimbia kwa kuvuka Ruvuma. Mwaka 1916 Wareno walivuka mto huo kwenda kuiteka Newala na wakafukuzwa mwaka huo huo. Mwaka uliofuata Lettow-Vorbeck aliingia Msumbiji kupitia Negomano. Baadaye jemadari huyo aliandika kitabu cha kumbukumbu zake. Wapagazi waliobeba risasi na chakula cha pande zote hawakuandika, na wengi hawakurudi.

Hapo ndipo maoni ya wasiosomea historia yanapokuwa ushahidi na si mapambo. Tarehe 16 Juni 1960 askari wa Kireno waliufyatulia risasi umati uliokusanyika Mueda, baada ya kukamatwa Faustino Vanomba na Kibiriti Diwane, waliokuwa wametoka Tanganyika kudai uhuru. Simulizi rasmi la FRELIMO lilitaja zaidi ya watu 600 waliouawa. Nyaraka za Kireno zinataja idadi ndogo mno, na wanahistoria bado wanabishana. Anayeshauri kuhusu mitaala hushawishika kuchagua namba moja na kuifunga kesi. Lakini wakazi wa Mueda walikuwa na njia yao: waliliigiza tukio hilo hadharani mwaka baada ya mwaka, na mwishoni mwa miaka ya 1970 Ruy Guerra akauweka mchezo huo katika filamu yake, Mueda, Memória e Massacre. Kilichohifadhiwa humo ni jinsi mtawala alivyoonekana na mtawaliwa: kiburi chake, ukarani wake, lugha yake isiyoeleweka. Barakoa za mapiko za Wamakonde zilikuwa zimeifanya kazi hiyo ya dhihaka kabla ya filamu.

Vita vilivyoanza Mocímboa da Praia Oktoba 2017 vilifika mjini Palma Machi 2021, na watu wa wilaya hiyo, Pundanhar ikiwamo, wakatawanyika. Mipango ya kuwarejesha watu huhesabu nyumba, visima na shule. Kumbukumbu ya wapagazi, ya Kampuni na ya Kionga haimo katika orodha hizo, kwa kuwa haikuwahi kukaa kwenye jengo. Ilikaa kwa wazee, na vita viliwapeleka wengi wa wazee hao makambini au kwa jamaa, mbali na wajukuu waliozoea kuwauliza. Kuirekodi hakuhitaji kungojea barabara itengenezwe. Kinasa sauti kinafika Pemba na Metuge leo, na kwa lugha za wilaya yenyewe, Kimakwe kikiwamo, kwa maana hukumu juu ya mtawala ikitafsiriwa kabla ya kurekodiwa hupoteza kwanza kejeli yake.