Kutoka Kikundi cha Redio hadi Darasa la Mtandaoni: Historia ya Maandalizi ya Mwanafunzi wa Masafa Tanzania, 1970–2020

Utangulizi

Mijadala kuhusu masomo ya chuo kwa njia ya mtandao nchini Tanzania huanza, aghalabu, na vifaa: kompyuta, simu janja, umeme na gharama ya intaneti. Mwanafunzi aliye navyo huhesabiwa kuwa yu tayari. Makala haya yanakihoji kipimo hicho kwa kutumia ushahidi wa kihistoria. Hoja yake ni kwamba, kabla ya intaneti kuenea, Tanzania ilikuwa imekwisha kuwaandaa watu wengi kujifunza mbali na mwalimu. Pale maandalizi hayo yalipokuwa imara, yalisimama juu ya mambo matatu: saa maalumu ya kusoma, wenzi wa kusoma nao, na mtu wa karibu wa kuulizwa.

Posta na redio

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha njia mbili za kufundisha kwa masafa. Ya kwanza ilikuwa masomo ya posta. Mwanafunzi alipokea masomo yaliyochapwa, akajibu mazoezi, akayatuma, kisha akasubiri masahihisho. Aliyekwama katika ukurasa wa tano hakuwa na wa kumwuliza hadi barua irudi. Njia hii ilimfaa mwenye nidhamu na uzoefu wa kusoma peke yake. Ilidai maandalizi ambayo haikuyatoa.

Njia ya pili ilikuwa kampeni za redio. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwafikia watu wapatao milioni 2 kwa muda wa wiki 12. Kabla ya kipindi cha kwanza kurushwa, viongozi wa vikundi zaidi ya 70,000 walikuwa wamepewa mafunzo. Wanakikundi walikusanyika kwa saa iliyojulikana, wakasikiliza kipindi, wakasomewa kitabu kwa sauti, wakajadili, kisha wakaamua la kutenda, kama vile kuchimba vyoo au kufyeka vichaka karibu na makazi. Asiyejua kusoma vizuri hakuachwa nyuma. Hapa ndipo tofauti ya msingi inapoonekana: mzigo wa maandalizi uliwekwa kwanza kwa taasisi na kiongozi wa kikundi, ndipo mwanafunzi akaalikwa.

Walimu wa UPE

Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliharakisha utekelezaji wa elimu ya msingi kwa wote. Vyuo vya ualimu vilivyokuwapo havikuweza kutoa walimu wa kutosha kwa muda uliotakiwa. Kuanzia mwaka 1976, makumi ya maelfu ya vijana, wengi wao wahitimu wa darasa la saba, waliandaliwa kuwa walimu wakiwa kazini. Walifundisha sehemu ya siku na kusoma sehemu nyingine, kwa kutumia masomo yaliyochapwa, vipindi vya redio na usimamizi wa wakufunzi waliokuwa karibu nao.

Mpango huo haupaswi kupambwa. Jina “mwalimu wa UPE” lilikuja kutumika kwa dharau, na ubora wa mafunzo hayo umejadiliwa kwa miaka mingi. Hata hivyo, yapo mambo mawili ya kutenganishwa: kina cha kile kilichofundishwa na uwezo wa mwanafunzi kuendelea na masomo. Katika hilo la pili, kazi, masomo na msimamizi vilipangwa ndani ya siku moja. Mwanafunzi hakuachiwa kutafuta muda wake kwa kuunyang’anya usingizi.

Chuo Kikuu Huria na ujio wa mtandao

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa Sheria Na. 17 ya mwaka 1992, kikaanza kazi mwaka 1993 chini ya Makamu Mkuu wa kwanza, Profesa Geoffrey Mmari, na kuzinduliwa rasmi Januari 1994. Kilifungua mlango kwa watu wazima wenye ajira na familia. Kwa wale ambao sifa zao hazikutosha kujiunga moja kwa moja, kozi ya msingi iliwapa njia ya kujiandaa. Vituo vya mikoa viliwapa wanafunzi mahali pa kufanyia mitihani na kukutana na wahadhiri ana kwa ana.

Mkongo wa baharini wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam mwaka 2009, mazingira ya intaneti yalianza kubadilika. Jukwaa la Moodle likawezesha matini na mazoezi kumfikia mwanafunzi bila safari. Faida yake ni dhahiri, hususani kwa anayeishi mbali na makao makuu ya mkoa. Lakini safari ya kwenda kituoni, pamoja na usumbufu wake, ilimkutanisha mwanafunzi na wenzake. Kukutana huko hakukuwa kumeandikwa katika mtaala wowote. Kwa hiyo kungeweza kupungua bila mtu kukuorodhesha kama hasara.

Vyuo vilipofungwa Machi 2020 kutokana na UVIKO-19, hadi vilipofunguliwa tena Juni, swali la utayari liliwafikia hata wanafunzi waliozoea ukumbi wa mihadhara. Kwao, kuwa na simu hakukutosha kujibu watasoma saa ngapi, na nani, na wakikwama watamwuliza nani.

Hitimisho

Historia hii inaonesha kwamba mwanafunzi wa mtandaoni amerithi upweke wa mwanafunzi wa posta, ingawa jibu lake hufika haraka zaidi. Maandalizi yake yahusishe kupanga saa ambayo hata jamaa zake wanaitambua, kupata wenzi wa kozi hiyo hiyo, na kumfahamu msimamizi wake kabla ya zoezi la kwanza. Vyuo navyo vina wajibu ulio mzito zaidi. Mwaka 1973 viongozi wa vikundi walifundishwa kabla ya redio kuwashwa. Ni vigumu kutetea kozi ya mtandaoni inayofunguliwa leo huku mafunzo ya wasimamizi wake yakisubiri muhula ujao.